Makala yangu imekubaliwa kwa siku nne, na mkuu wa idara anataka jina lake litangulie

Shikamoo Mama,

Mimi ni mhadhiri wa fasihi ya Kiswahili katika chuo kimoja cha Tanzania Bara. Mwezi Juni kamati ya kupandisha vyeo inakaa, nami nimepungukiwa makala moja tu ili jina langu lipelekwe kwa ngazi ya mhadhiri mwandamizi. Makala yenyewe ninayo. Kinachonikosesha usingizi ni mambo yanayoizunguka.

Inahusu utenzi wa dini ulioandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, na mwalimu mmoja wa madrasa wa upande wa Pangani aliyefariki kabla ya Uhuru. Hati iko kwa mjukuu wake, mzee wa miaka themanini na ushei. Alinikubalia niipige picha kwa simu, na alasiri nyingi tumekaa barazani kwake, yeye akisoma ubeti baada ya ubeti, mimi nikinukuu kwa herufi za Kirumi. Nilipokwama, alinikwamua yeye. Upo ubeti niliousoma “bata” nikaanza kuujengea hoja ndefu kuhusu ishara ya ndege katika ushairi wa Kisufi. Mzee akacheka, akaniambia: “Mwanangu, hapo ni mbata, nazi kavu. Babu anasema habari ya sadaka.”

Mwenzangu wa ofisini alinielekeza kwenye jarida moja la mtandaoni ambalo limewahi kuchapisha makala yake. Nikatuma makala Jumatatu, Ijumaa nikapata barua kwamba imekubaliwa “baada ya mapitio ya kina”. Mapitio yenyewe ni sentensi mbili: kazi ni nzuri, rekebisha sarufi. Wanataka dola 250, ambazo kwangu ni zaidi ya laki sita. Sijalipa wala sijatia saini popote. Nilipowauliza kama naweza kuiondoa, wakajibu kuwa kuiondoa nako kuna ada, tena karibu sawa na ya kuichapisha.

La pili ni mkuu wangu wa idara. Alipoiona rasimu akasema jina lake litangulie kwa kuwa ofisi yake ndiyo iliyonipa ruhusa ya kwenda uwandani. Hajasoma hati, wala Pangani hajafika.

La tatu linanigusa zaidi. Mzee ameniomba kurasa za mwisho, zenye dua na michoro ambayo anasema ni ya ndani ya nyumba yao, zisitoke. Kwangu kurasa hizo ndizo tamu kuliko zote, kwa sababu zinaonyesha utenzi ulivyotumika, si ulivyotungwa tu. Tena sijui jina la mzee niliweke wapi. Mwongozo wa jarida una nafasi ya “mwandishi” na nafasi ya “shukrani”, basi.

Nishauri, Mama. Juni si mbali.

Mhadhiri wa Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lile jarida, maana ndilo jepesi. Usilipe. Ada ya kuiondoa nayo usilipe. Hujatia saini ya kuwahamishia haki, hujatoa hata senti, kwa hiyo makala bado ni mali yako. Leo hii waandikie barua fupi ya baruapepe: naiondoa makala yangu yenye kichwa fulani, sikubali ichapishwe, sitalipa ada yoyote. Usijieleze zaidi ya hapo. Hifadhi barua hiyo pamoja na majibu yao yote, kwa sababu majarida ya aina hii huweza kukupuuza na kuichapisha hivyo hivyo. Utakapoipeleka makala kwa mhariri wa kweli, mweleze yaliyotokea katika barua yako ya mwanzo na umwambatishie ushahidi. Wahariri wanaujua mchezo huu. Asichokisamehe mhariri ni kuja kugundua mwenyewe, baada ya kuchapisha, kwamba kazi ile ile inaelea mahali pengine.

Biashara hii si ngeni. Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi, John Bohannon, alitunga makala ya uongo yenye makosa ambayo mhakiki yeyote makini angeyaona, akaituma kwa majarida 304 yanayotoza ada. Zaidi ya nusu yaliikubali. Mkutubi wa Marekani, Jeffrey Beall, aliweka kwa miaka kadhaa orodha ya wachapishaji aliowaona walaghai. Januari 2017 akaiondoa mtandaoni, na tangu hapo nakala zake zinazunguka zikiongezwa na watu tusiowajua. Kwa hiyo usitegemee orodha. Tegemea macho yako. Jarida lenye namba ya ISSN halijathibitisha chochote, kwani namba hiyo ni ya kulitambulisha tu, kama namba ya gari isivyokwambia dereva anajua kuendesha. Jarida linalopokea uhandisi, uuguzi, tenzi na kilimo cha umwagiliaji katika toleo moja halina mtu wa kuusoma utenzi wako. Chagua mtu mmoja kwenye bodi yao ya wahariri, tafuta anwani yake kwenye tovuti ya chuo chake, umuulize kama anajua jina lake liko pale. Wengine hushtuka.

Ada peke yake si dalili ya wizi, na hilo nalisema kwa sababu naona vijana wameanza kuogopa kila penye neno dola. Wachapishaji wakubwa wa Ulaya na Marekani hutoza fedha nyingi sana, wakati mwingine maelfu ya dola, mwandishi akitaka makala yake isomwe bure na kila mtu. Lakini katika majarida yao mengi ya fasihi, dini na utamaduni, usipochagua njia hiyo hulipi kitu: makala inakaa nyuma ya malipo ya msomaji. Baadhi yao wana msamaha wa ada kwa watafiti wa nchi kama yetu. Msamaha huo uulizie kabla ya kuwasilisha makala, maana makala ikishakubaliwa wanakuwa wagumu.

Sasa tuje kwenye sababu yangu hasa ya kukukataza, ambayo si fedha. Ni ile mbata.

Herufi za Kiarabu kama wazee wetu walivyozitumia kuandikia Kiswahili hazikutenganisha sauti zote. Herufi moja ya b ilibeba b, p na mb. Alama ya irabu iitwayo kasra ilikuwa i na pia e. Nyingine, dhumma, ilikuwa u na pia o. Bata, pata na mbata vikaandikwa sawa. Mizani haikusaidii hapo, kwa sababu yote matatu ni mizani mbili, na kina hakikusaidii pia. Kinachosaidia ni mtu anayejua mwalimu yule wa Pangani alikuwa anazungumzia nini, minazi ilikuwa ya nani, na sadaka ilitolewa lini. Wewe ulimpata mtu huyo barazani. Lakini hata yeye anaweza kuwa amekosea mahali fulani, na wewe ukawa umesikia vibaya kwingine, na ndiyo maana makala ya aina hii inamhitaji mhakiki wa tatu, msomaji aliyezoea hati hizi, atakayekuandikia: “Ubeti wa ishirini na mbili nauona hivi, je, umejaribu kuusoma vile?” Sentensi moja ya namna hiyo ina thamani kuliko kupanda cheo. (Najua maneno hayo ni mepesi kwangu kwa kuwa nimestaafu, si kwa mwenye ada za shule za kulipa.) Jarida la siku nne lingeichapisha ile bata yako na hoja ya Kisufi juu yake, na miaka kumi baadaye mwanafunzi wa mahali fulani angekuwa anainukuu.

Basi ipeleke kwa wanaosoma Kiswahili. Jarida liitwalo Kiswahili, la TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mizizi yake inafika hadi taarifa za ile kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ya mwaka 1930, na linapokea makala kwa Kiswahili. Taasisi hiyo hiyo ina jarida jingine, Mulika. Lipo Swahili Forum, lililoanzia Köln, Ujerumani, mwaka 1994, ambalo sasa linasomwa bure mtandaoni na linachapisha makala za Kiswahili pia. Ukitaka kuegemea upande wa dini, Journal of Religion in Africa lipo tangu 1967, ingawa hapo itakubidi uandike kwa Kiingereza na uwaeleze wasomaji mambo ambayo mtu wa Tanga haelezwi. Kwa makala hii mimi ningeiandika kwa Kiswahili. Mzee apate kuisoma, au asomewe.

Chagua moja. Si mawili kwa wakati mmoja, hata kama Juni inakubana.

Kuhusu mzee, niruhusu nikae kidogo.

Taaluma yetu ina deni la zamani hapa. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyafafanua, mmisionari Mwingereza W. E. Taylor akayaweka kwenye makaratasi yake, na William Hichens akayachapisha kitabuni mwaka 1940. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu nani aliyeyaokoa. Atakutajia Taylor, pengine na Hichens, na wachache mno watamtaja Sikujua. Muhamadi Kijuma wa Lamu aliwanakilia tenzi wataalamu wa Ulaya mmoja baada ya mwingine: Alice Werner, Hichens, Ernst Dammann. Alikuwa mshairi, mchongaji na mwandishi wa hati mwenye mkono usiosahaulika, na kwa miongo mingi katika vitabu vya wenzake alikuwa mtu wa tanbihi. Ilifika mwaka 2010 ndipo Gudrun Miehe na Clarissa Vierke wakatoa kitabu ambacho kichwa chake kinaanza na jina la Kijuma. Alishakufa zamani. Mzee wako yu hai. Muulize.

Muulize kwanza kama anataka jina lake litajwe, maana wapo wasiotaka, na sababu zao ni zao. Akikubali, usimfiche kwenye shukrani pamoja na mkutubi na mtu aliyekuchapia. Kama unukuzi ni wake kwa kiasi unachonieleza, yaani yeye alisoma na wewe ukaandika, basi sehemu ya matini itolewe kwa majina mawili: hati imesomwa na fulani, imenukuliwa na kufafanuliwa na fulani. Uchambuzi ubaki wako. Mhariri mwenye busara atakubali mpangilio huo ukimweleza. Fomu ikidai taasisi ya kila mwandishi, jaza mtaa wake na madrasa yake. Halafu katika mwili wa makala, kila ubeti ambao usomaji wake umetoka kwake, sema hivyo papo hapo, pamoja na tarehe ya mazungumzo. Simulia na kisa cha mbata bila aibu. Wahakiki watakuamini zaidi wakiona ulivyofika kwenye usomaji wako.

Zile kurasa za dua ziache.

Najua zilivyo tamu kwako, na najua utaambiwa kuwa sheria inakuruhusu. Kwa Tanzania Bara hakimiliki ya utungo hulindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo utenzi wa mtu aliyefariki kabla ya 1961 umeshatoka kwenye ulinzi huo. Lakini karatasi ni ya familia, ruhusa ya kuipiga picha umepewa kwa maneno barazani, na maneno hayo yalikuwa na mpaka wake. Ukiuvuka, mtafiti atakayefuata atakuta mlango umefungwa, tena si mlango wa nyumba hiyo tu. Hati nyingi za pwani bado ziko makabatini mwa watu. Zilizokwishapigwa picha rasmi, kama zile za Msikiti wa Riyadha wa Lamu kupitia mradi wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, zilitoka kwa sababu wenyewe waliridhia.

Hata hivyo usiandike kana kwamba kurasa hizo hazipo. Sema wazi: hati ina kurasa kadhaa za mwisho zenye dua na michoro, ambazo hazikuchapishwa kwa ombi la mwenye hati. Unaweza kueleza kwa jumla kwamba utenzi ulihifadhiwa pamoja na dua, na hoja yako kuhusu matumizi ikasimama juu ya hapo bila kuonyesha hata mstari mmoja. Msomee mzee aya hiyo kabla hujaituma. Akisema hata hiyo ni nyingi, ipunguze.

Tena mwandikie ruhusa, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja: picha ni ngapi, zitachapishwa zipi, zitahifadhiwa wapi, nani mwingine ataziona. Wanawe wawepo. Huyu ni mtu wa themanini na ushei, na warithi wasiojua mlichokubaliana ndio wanaozua ugomvi na chuo baadaye. Mpe familia nakala ya picha zote kwenye kifaa kidogo, kisha umuulize kama angependa nakala nyingine ikae maktaba ya chuo au kwenye Nyaraka za Taifa. Usimchagulie. Na picha za zile kurasa za dua zifute kwenye simu yako mbele yake, au umkabidhi, atakavyo. Simu huibiwa.

Juni. Sikufichi, makala ya kweli haitatoka ifikapo Juni. Uhakiki katika fani zetu huchukua miezi, mara nyingine mwaka, kwa sababu wahakiki hawalipwi na wana mitihani ya kusahihisha. Lakini uliza ofisi inayoshughulikia vyeo, kwa maandishi, kama barua ya mhariri inayosema makala imekubaliwa inatosha, au hata ile inayosema iko katika uhakiki. Vyuo vinatofautiana. Uliza pia kama sura ya kitabu au mapitio ya kitabu yanahesabiwa, na kwa pointi ngapi. Ukikosa awamu hii, utakwenda awamu ijayo na kitu ambacho kamati haiwezi kukirusha nje. Kamati nyingi zimeanza kuchunguza majarida moja moja, na huyo mwenzako wa ofisini aliyechapishwa na jarida lile, mpole tu, mwambie aliangalie upya kabla hajaulizwa yeye.

Sasa mkuu wako. Kutia saini barua ya ruhusa ni kazi yake ya ofisini, hakumfanyi mwandishi. Mwandishi ni aliyefanya kazi ya kiakili ya makala na aliye tayari kuijibia. Katika fasihi na dini hata msimamizi wa tasnifu kwa kawaida haweki jina lake kwenye makala ya mwanafunzi wake, sembuse mkuu wa idara. Wenzetu wa maabara wana desturi nyingine, na nadhani hapo ndipo mazoea haya yanapoazimwa.

Lakini usiende kumsomea sheria. Yeye ndiye atakayeandika maoni kwenye fomu yako, na wewe utaendelea kukutana naye kwenye korido. Nenda ofisini kwake asubuhi, peke yako, na rasimu iliyochapwa, ikiwa tayari na mstari wa kumshukuru kwa kuwezesha kazi ya uwandani. Mwonyeshe mstari huo. Mwambie sehemu ya matini ina jina la mzee na kwamba familia inalijua hilo, kwa hiyo mpangilio wa majina umeshakuwa mgumu kubadilika. Kisha mpe njia ya kutokea: mwombe mwandike pamoja makala nyingine, yenye mada anayoimudu, kila mtu na sehemu yake. Huenda akakubali kwa dhati. Nimeona wakuu wa idara ambao shida yao halisi ni kwamba utawala umewala muda wao wote na wao pia wanadaiwa makala.

Weka rasimu zako zote na tarehe zake, na ujitumie kwa baruapepe. Akishikilia jina lake litangulie, usibishane naye mlangoni wala kwenye simu. Mwombe kwa adabu akuandikie mistari michache, akitaja ni beti zipi alizozisoma na ni sehemu ipi ya hoja iliyo yake, ili uiweke kwenye tamko la michango ambalo majarida mengi sasa hulidai. Wengi huishia hapo.